Ushuhuda wa Kuziba Pengo

Sehemu ya saba

"Niombee," mama alisema. "Niombee kama ulivyoombewa wewe."

Hapo ndipo tulipomwacha Chiriku wiki iliyopita, kasimama katikati ya ghala la magodoro, kipaza sauti mkononi, na mama mtu mzima kampigia magoti. Kitambaa ambacho mama alikuwa hakibandui shingoni kilikuwa kimeanguka sakafuni. Uvimbe ulikuwa nje, mkubwa kama limau, umekaa upande mmoja wa koo.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mama huyo ni mzazi wa Kishindo, mpiga ngoma wa bendi. Chiriku ndiye mwimbaji, msichana ambaye jina hilo hakulipata kwa kuimba tu, alilipata pia kwa kusema. Wa tatu ni Waya, mpiga gitaa, ambaye mchana hufunga umeme kwenye nyumba za watu na jioni hufungua ghala la mjomba wake ili wenzake wapate pa kufanyia mazoezi. Magodoro yamepangwa mpaka darini, yanameza kelele zote. Kishindo apige ngoma kwa nguvu zake zote, nje utadhani mtu anatwanga nyumba ya tatu.

Bendi bado haina jina. Waya anataka jina fupi litakaloenea kwenye ngoma kubwa, Kishindo anataka jina la Biblia, na Chiriku anataka wenzake wanyamaze wafanye mazoezi. Zamani walipiga baa. Sasa wanapiga kanisani, na watu wanaanza kuuliza wanaitwaje.

"Mama, inuka," Chiriku alisema. "Tafadhali."

"Siinuki."

"Mbele za watu hivi, mama yangu?"

"Watu gani? Huyu nimemzaa, na huyo mwenye gitaa amekula kwangu tangu hajaota ndevu. Niombee, binti yangu."

Kishindo alitoka nyuma ya ngoma zake. Macho yalikuwa mekundu, na kilichomuuma Chiriku ni kwamba yalikuwa mekundu kwa furaha.

"Kesho asubuhi anatakiwa hospitali, akatwe," alisema. "Amekataa. Nimemsimulia ushuhuda wako, dada, neno kwa neno. Akasema kama wewe ulipona bila kisu, basi na yeye kisu hakitaki."

Chiriku alimtupia Waya jicho. Waya akainama akaanza kukaza nyuzi za gitaa ambazo alikuwa ameshazikaza.

Mama ana sababu ya kukiogopa kisu. Yeye ni mnadi wa nguo sokoni. Hana duka wala kibao, ana koo. Akiita kutoka meza yake, mwanamke aliye kwenye nyanya upande wa pili wa soko anageuka. Daktari alimwambia wazi kwamba uvimbe lazima utoke, na kwamba ukitoka huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Mama akatoka hospitali na hilo la pili tu kichwani.

Sasa turudi kwenye ushuhuda wenyewe, maana ndio chanzo cha balaa lote.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza bendi kupiga kanisani. Mchungaji aliwaita kuwajaribu tu, na wao walikwenda kwa kuwa hawakuwa na pa kupiga siku hiyo. Katikati ya wimbo, uzi wa gitaa la Waya ukakatika. Akainama kuubadilisha.

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kupiga baa hutaelewa kilichofuata. Baa uzi ukikatika, mwimbaji haachi kimya hata kidogo. Atatania walevi, atasimulia kisa, atamsifu mpishi, mradi watu wasinyanyuke vitini mpaka mpiga gitaa atikise kichwa kwamba tayari. Wao wanaita kuziba pengo. Chiriku amelifanya hilo usiku mwingi kiasi kwamba mdomo wake hauulizi tena ruhusa.

Siku ile mdomo ukafunguka wenyewe. Kanisani huwezi kutania walevi, hivyo ukatoka na kisa kingine. Kwamba uvimbe ulimwota kooni. Kwamba madaktari walitaka kumkata, akakataa. Kwamba aliombewa, akaombewa, na asubuhi moja akaamka shingo iko laini. "Na leo naimba mbele yenu," alimalizia, na Waya akatikisa kichwa kwamba uzi uko tayari.

Kanisa lilikuwa limesimama. Mchungaji analia. Chiriku akahesabu wimbo uanze, na nyuma yake ngoma hazikulia. Alipogeuka, Kishindo alikuwa ameweka vijiti chini na uso wake uko kwenye viganja. Siku hiyohiyo akaokoka. Huyu ndiye Kishindo ambaye walinzi wa baa walikuwa wakimrudisha nyumbani kwa kumkokota, vijiti mfuko wa nyuma. Tangu Jumapili ile hajagusa chupa.

Najua mpo ambao wiki nzima mmekuwa mkimwita Chiriku tapeli. Subirini kidogo, hamjajua yote.

"Naomba dakika," Chiriku alimwambia mama. "Waya, njoo."

Walizunguka nyuma ya magodoro makubwa, yale ya sita kwa sita, na Chiriku akamshika Waya ukosi wa shati.

"Nifanye nini?"

"Mwambie ukweli," Waya alinong'ona.

"Ukweli upi?"

"Kwani iko mingapi? Hujawahi kuumwa koo. Nimekaa nyuma yako na gitaa miaka yote hii, hata kukohoa sijakusikia."

"Ulikuwa unajua, mbona hukusema?"

"Niseme wapi? Kanisa zima linalia, mchungaji analia, mimi nimeinama na uzi mdomoni. Halafu Kishindo akaacha pombe. Nikajiambia, ukweli wa kumrudisha mtu baa unaweza kusubiri kidogo."

"Nikisema leo, anarudi kunywa."

"Na usiposema, mama yake..." Waya alishindwa kumalizia.

Chiriku aliegemeza paji la uso kwenye godoro. Nailoni ilikuwa ya baridi. Alitamani alale hapohapo, aamke mambo yameshapita.

Alirudi, akapiga moyo konde.

"Mama, nilidanganya. Sijawahi kuwa na uvimbe. Sijawahi kuombewa. Kesho nenda hospitali."

Alitegemea kofi. Alitegemea kilio. Mama akatabasamu.

"Nilijua utasema hivyo."

"Ulijua?"

"Mchungaji alishatufundisha. Muujiza ukikaribia, adui anaingia kwanza kwa mwenye kuombea, anamtia shaka. Usimsikilize, mwanangu. Niwekee mkono tu."

"Dada, unajaribiwa," Kishindo alisema, na akaanza kumkemea shetani kwa sauti, kijiti kimoja juu, akizunguka ghala zima kama anayefukuza kuku.

"Kishindo, anasema kweli," Waya aliingilia. "Hajawahi kuumwa huyu."

Kishindo akasimama. "Na wewe pia? Lakini wewe sishangai. Wewe kuokoka kwenyewe uliokoka shingo upande."

"Hiyo ni kweli," Waya alisema. "Lakini na hili ni kweli."

Hawakumsikia. Mama alikuwa ameshafumba macho, kainua kidevu, uvimbe uko tayari kuguswa. Pumzi yake ilikuwa na kifirimbi kidogo mwishoni, na Chiriku alikifahamu kifirimbi kile. Alikifahamu kuliko wimbo wowote aliowahi kuuimba. Akakaa chini mbele ya mama, magoti kwa magoti.

"Mama, siku hizi unalala umekaa, sivyo?"

Mama akafumbua macho.

"Ukilala chali, hewa haishuki. Unapanga mito nyuma yako, na asubuhi unaiondoa kabla Kishindo hajaamka, asikuulize."

Mama akageuka kumtazama Kishindo.

"Maji ukinywa haraka yanatokea puani. Ndiyo maana umeacha kunywa chai na watu. Unakunywa jikoni, umeupa mlango mgongo. Na sokoni siku hizi unaita asubuhi tu. Mchana unawaambia umechoka jua."

"Nani amekwambia?" mama aliuliza, na sauti iliyouzoea upana wa soko ilitoka nyembamba.

"Hakuna aliyeniambia. Nimelala naye chumba kimoja."

"Nani?"

"Mama yangu."

Waya alikaa taratibu juu ya spika. Miaka yote hiyo nyuma yake na gitaa, na hili hakuwahi kulisikia.

"Kile kisa ni chake," Chiriku alisema. "Uvimbe ni wake, madaktari ni wake, maombi ni yake. Nilisema kwa kinywa changu kana kwamba ni mimi. Ni kweli yote, mpaka pale pa kukataa kisu. Mwisho ndio nilioubadilisha. Nilitaka uwe vile."

"Wa kwake ulikuwaje?"

"Alikufa, mama. Amekaa kwenye kiti, nimemshika mkono. Alikuwa anavuta hewa, na hewa haiingii."

Mama alijishika shingo kwa viganja vyote viwili. Hata Chiriku hakutafuta neno la kutia hapo.

Kishindo ndiye aliyesema. Aliongea polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kwa hiyo siku ile nililia bure."

"Si bure, Kishindo."

"Mimi nimevunja chupa zangu mbele ya marafiki zangu. Nimechekwa. Nimempigia magoti kila mtu niliyemkosea, mmoja mmoja. Kwa ajili ya nini?"

"Uzi ulikatika," Chiriku alisema. "Nikaziba pengo."

Alisikia mwenyewe jinsi jibu lilivyokuwa dogo, na aibu ikamshika mpaka masikioni. Kishindo aliweka vijiti juu ya ngoma kubwa, vikiwa sambamba, kwa uangalifu, akatoka. Mlango wa ghala lile ni wa chuma, wa kusukuma, na kila anayeufunga huubamiza. Yeye aliufunga bila kelele, na hilo likawatisha zaidi.

Mama aliokota kitambaa chake, akakikung'uta, akajifunga.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini kitanda cha kisu silali na mwanangu ana kinyongo. Mtafuteni. Aje anisainie karatasi ya upasuaji yeye."

"Mama, unaweza kusaini mwenyewe," Waya alisema.

"Naweza, sitaki. Baba yake aliondoka nyumbani wakiwa hawasemeshani, yeye na mwanawe, akaletwa maiti. Mtoto akaanza kunywa wiki ileile. Sitamfanyia hivyo mara ya pili. Asiposaini, siingii."

Walimtafuta jioni nzima. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kwa mchungaji hakuwepo. Kinyozi wake hakumwona. Mwisho wakaenda kule ambako wote wawili walikuwa wanakuepuka, baa, na mwenye baa aliwapokea kama watoto wake waliopotea.

"Hajafika bado," alisema, akifuta kaunta. "Lakini kiti chake kipo. Mkimwona mwambieni."

Ile "bado" ilimkaa Chiriku kifuani mpaka kulipokucha.

Asubuhi walikuwa hospitali. Ukumbi ulikuwa mrefu, umepigwa deki sasa hivi, na watu wanapita kwa ncha za vidole wasiteleze. Mama alikuwa tayari ameshavaa gauni la kijani la wagonjwa, lililofungwa nyuma kwa kamba, na alikuwa amekaa wima kitandani huku wenzake wote wodini wamelala. Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka na asiyezunguka.

"Njia ya hewa inazidi kubanwa," alisema. "Jana ingekuwa afadhali kuliko leo. Leo ni afadhali kuliko kesho. Nani anasaini?"

"Mwanangu anakuja," mama alijibu.

"Lini?"

Mama akatazama mlango. Na mlango, kama wa kuambiwa, ukafunguka.

Kishindo alikuwa amenyoa na shati limepigwa pasi. Chiriku alinyanyuka, akamsogelea karibu na kunusa bila aibu. Hakuna pombe. Alitaka kumkumbatia kwa furaha. Furaha hiyo haikumaliza hata dakika.

"Mama, vaa nguo zako," Kishindo alisema. "Twende nyumbani."

"Unasemaje?" Waya aliuliza.

"Nimesema twende nyumbani. Hakatwi mtu."

Daktari aliibana ile karatasi ya idhini kifuani na kumtazama Chiriku, kana kwamba ndiye mwenye ukoo. "Malizeni hayo nje," alisema. "Chumba cha upasuaji kiko wazi sasa. Baadaye sitaahidi."

Wakatoka nje ya wodi, wakasimama ukumbini. Kishindo hakukaa. Alikuwa anaongea kwa utulivu, na utulivu wake ndio uliomtisha Chiriku.

"Jana nilikwenda baa. Nilifika mpaka mlangoni. Nikashika pazia. Nikasikia bendi yao mpya, mpiga ngoma hajui kazi, nikasema ngoja niingie nimfundishe. Mkono ukagoma, dada. Nikageuka, nikatembea mpaka alfajiri nikajikuta kwetu, mama ameshaondoka. Nani alinigeuza?"

Alimnyooshea Chiriku kidole.

"Si wewe. Wewe ni muongo, umesema mwenyewe. Basi yupo aliyenigeuza. Na kama yupo kwangu, yupo kwa mama yangu. Tutaomba, atapona, na ule uongo wako utageuka kweli. Hapo nitajua sikulia bure."

"Na asipopona?"

"Atapona."

"Kishindo, nakuuliza. Asipopona?"

"Usiseme hivyo," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ikamtetemeka. "Ukisema hivyo unamwondolea."

Chiriku aliona sasa alichokifanya. Huyu kijana hakuwa mkaidi. Alikuwa amepewa kitu kimoja tu cha kushika maishani, akaambiwa kilikuwa bandia, na alikuwa tayari kumweka mama yake rehani ili kithibitike. Kumwambia tena "nilidanganya" kusingesaidia. Hilo alilijua tayari, na alikuwa ameshalipita.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Kishindo hakulijua. Waya hakulijua. Hakuna mtu duniani aliyelijua, na Chiriku alikuwa ameshajiapiza kwamba atazikwa nalo.

Kupitia mlango ulioachwa wazi, mama alisikika akivuta pumzi, na kile kifirimbi kilikuwa kimerefuka tangu jana.

"Mama yangu alikuwa amekubali kukatwa," Chiriku alisema.

Kishindo akageuka. "Jana ulisema alikataa."

"Alikubali kwanza. Alishafunga kibegi. Gauni, sabuni, mswaki. Akanunua na ndala mpya, alisema haendi kwa watu na ndala zilizokatika."

"Sasa ikawaje?"

"Kuna mtu alimwambia asiende."

"Mchungaji wenu."

"Hapana. Mchungaji wetu alimwambia aende. Alisema yeye ataomba akiwa nje ya mlango, na daktari afanye kazi ndani ya mlango, na Mungu ni wa pande zote mbili."

"Basi nani?"

Mdomo ule ambao haukuwahi kuomba ruhusa uligoma kabisa, ikabidi aulazimishe.

"Mimi."

Waya, aliyekuwa ameegemea ukuta, akajinyoosha.

"Nilikuwa bado shule," Chiriku alisema. "Naimba kwaya ya watoto, naongoza maombi, watu wazima wananiita nabii mdogo. Nilikuwa na imani kuliko wewe, Kishindo. Sikuwa naigiza. Nilikichukua kibegi nikakificha uvunguni kwangu. Nikamwambia, mama, ukienda kule unamwambia Mungu kwamba humwamini. Akanitazama, akacheka. Akasema, haya basi, tumwamini. Alifanya hivyo ili asinivunje moyo. Watu wote walisema yeye ndiye aliyekikataa kisu, na mimi nikawaacha waseme."

Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Tangu siku hiyo sijaomba. Nikapeleka sauti baa. Hata kwenye bendi hii, ninyi mkifumba macho mimi nawahesabia tu mpigo wa wimbo unaofuata. Nilikuja kuimba, sikuja kwa Mungu. Lakini usiniambie kwamba mama yako akatae ili wewe ujue. Mimi nilitaka kujua. Nimejua. Hapo ninapokaa mimi, usije ukakaa."

Kishindo akiwaza, vidole vyake huwa havitulii, vinapiga ngoma kwenye paja. Sasa vilikuwa vimetulia. Alimtazama Chiriku kwa muda mrefu, kisha akawapita wote wawili na kuingia wodini.

"Nipe kalamu," alimwambia daktari.

Mkono uliozoea vijiti ulishika kalamu ile kama unaogopa itavunjika. Alisaini. Akapiga magoti kando ya kitanda, na mama yake akamwekea kiganja kichwani.

"Una kinyongo?" mama aliuliza.

"Na wewe, sina."

"Na huyo msichana?"

"Tutaongea ukitoka."

"Basi ngoja nitoke," mama alisema. "Na sauti isiporudi, wewe ndiye utakuwa unaninadia nguo. Makelele unayo."

Kishindo alicheka huku analia. Wakamsukuma mama mpaka mwisho wa ukumbi, amekaa wima vilevile juu ya kitanda cha magurudumu, mikono mapajani, na milango miwili ya chumba cha upasuaji ikamfunika.

Waya alikwenda kumpigia simu mchungaji. Wawili wale walibaki kwenye benchi la mbao, nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Omba," Kishindo alisema.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Mimi mdomo haufunguki. Sijui tena nilikuwa naongea na nani."

"Nimekwambia siombi."

"Umeniambia yule mchungaji wenu aliahidi kuomba nje ya mlango. Mlango si ule pale? Na sisi hatuko nje?"

Chiriku alitaka kukataa. Alitaka kumwambia asubiri mchungaji afike, kwamba hiyo ni kazi ya watu wasafi. Lakini Kishindo alikuwa ameshainamisha kichwa, na shingo yake ilionekana changa sana ndani ya ukosi ule uliopigwa pasi. Chiriku akafumba macho. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa jukwaani.

"Baba," alisema, na hapo akakwama. Hakuna lolote zuri lililomjia, wala maneno ya wimbo, wala yale ya kuwainua watu vitini. "Baba, ni mimi. Tumekaa muda bila kusemeshana. Nina hasira na wewe, unajua. Na nina hasira na mimi. Sikuletei lawama leo. Nakuletea mama wa mwenzangu. Ni mnadi sokoni. Yuko humo ndani, anaogopa, anajifanya haogopi. Huyo daktari mshike mkono. Na huyu aliye hapa..."

Alisikia Kishindo akipumua kwa shida pembeni yake. Na Chiriku, ambaye alikaa miaka bila kuamini kwamba kuna mtu upande wa pili, alihisi kwa hakika kwamba anasikilizwa. Halikuwa jambo la kufurahisha. Lilimtisha.

Hakufika kwenye amina. Milango miwili ikafunguka kwa kishindo na nesi akatoka mbio, barakoa imening'inia sikio moja. Akapita mbele yao bila kuwatazama.

"Damu," alimwambia mtu aliyekuwa mwisho wa ukumbi. "Kimbia ulete damu, inatoka nyingi."

Kishindo alikuwa ameshasimama. Uso wake ulikuwa mtupu. Alitazama milango ile ikipepea, kisha akatazama upande wa pili, kwenye mlango wa kutokea, barabarani, ambako kiti chake cha baa kilikuwa kinamngoja. Akapiga hatua.

Chiriku akamdaka shati kwa nyuma, macho bado ameyafumba.

"Kaa," alimwambia. "Sijamaliza."